Lugha Haiuzwi kwa Aibu

Simama kwenye kituo chochote kikubwa cha daladala Dar es Salaam uzitazame nguzo za umeme. Katikati ya karatasi ya mganga na ya dalali wa vyumba, haikosekani ya tatu: jifunze Kiingereza ndani ya miezi mitatu, na namba ya simu chini yake. Ukihamia kwenye simu, bidhaa hiyo hiyo inakuja na picha. Kijana amevaa tai, yuko mbele ya jopo la usaili, anaulizwa swali kwa Kiingereza, anababaika. Wanajopo wanatazamana. Kisha maandishi makubwa yanauliza: utaaibika hadi lini?

Tangazo la namna hiyo linaleta watu. Wanapiga simu, wanalipa ada, darasa la wiki ya kwanza linajaa. Linalonisumbua ni la baadaye, wiki ya tano au ya sita, viti vinapoanza kubaki wazi na mwalimu anasema wanafunzi wa siku hizi hawana bidii. Bidii wanayo, walichouziwa ndicho kibovu. Waliowauzia walitumia saikolojia, tena kwa ufundi, ila walichukua kipande chake kinachofaa kuuzia chupa dukani wakakipachika kwenye kazi inayodai miaka.

Mbinu yenyewe ina umri wa karne moja. Listerine ilitengenezwa Marekani mwaka 1879 kama dawa ya kuua vijidudu kwa ajili ya upasuaji. Miaka ya 1920 wenye kampuni waliamua kuiingiza katika kila nyumba, wala hawakuhangaika kueleza ndani yake mna nini. Walimchora msichana mzuri, wa familia nzuri, ambaye wenzake wote wameshaolewa na yeye bado, asijue kwamba kinachowafukuza wachumba ni harufu ya kinywa chake, maana hata rafiki wa karibu hathubutu kumwambia. Msomaji alibaki anajiuliza kuhusu kinywa chake mwenyewe, na jibu lilikuwa dukani. Tangu hapo matangazo ya aibu hayajakoma: sabuni, mafuta ya kupaka, dawa za chunusi, na sasa kozi za lugha.

Lakini anayeogopa harufu ya kinywa ananunua chupa, anasukutua akiwa peke yake bafuni, na hofu inakwisha. Anayeogopa kuchekwa kwa Kiingereza chake, dawa yake ni kuongea Kiingereza kibovu mbele za watu, leo, kesho na mtondogoo, mpaka kinyooke. Dawa yake ni kile kile anachokikimbia. Tangazo limemkuzia hofu, limemtoza pesa, kisha limemtuma akapambane na hofu hiyo ikiwa kubwa kuliko alivyokuja nayo.

Mwaka 1986 Elaine Horwitz na wenzake wawili walichapisha kipimo cha wasiwasi wa mwanafunzi wa lugha ya kigeni, chenye kauli 33 ambazo mwanafunzi anazikubali au kuzikataa: moyo unanidunda nikijua nitaitwa kujibu, naogopa wenzangu watanicheka nikiongea, na nyingine za aina hiyo. Kipimo hicho kimetumiwa katika nchi nyingi tangu wakati huo, na picha inayojirudia ni kwamba wasiwasi ukipanda, alama hushuka. Mwenye hofu hukaa nyuma, huchagua sentensi fupi, hukwepa neno asilo na hakika nalo, hujibu kwa kutikisa kichwa. Anajinyima mazoezi ambayo ndiyo yangemtoa hofu.

Sisi wa Afrika Mashariki tungeweza kulijua hilo hata bila kipimo. Kenya kuna vizazi vya watoto waliovalishwa kibao shingoni kwa kosa la kuongea lugha ya mama zao, wakakaa nacho mpaka wamsikie mwenzao akiteleza wamkabidhi. Tanzania kuna shule zenye bango linalokataza Kiswahili, na viboko au faini kwa anayesahau. Watoto waliopita huko walijifunza somo moja barabara, nalo ni kunyamaza. Leo ni watu wazima, wana digrii, wanaelewa kila kinachosemwa kikaoni, ila zamu ya kuchangia ikifika wanamgusa jirani awasemee. Hao ndio wanaokuja kuulizwa na tangazo wataaibika hadi lini. Kwa maoni yangu huo ni ukatili, na anayeufanya kwa jina la kuhamasisha elimu hana tofauti na aliyeshika kibao.

Kuna matangazo ya aina ya pili, ya kistaarabu zaidi, na haya yanastahili kuangaliwa kwa makini kwa sababu ndani yake mna mema. Duolingo, programu ya kujifunzia lugha ya kampuni ya Pittsburgh, Marekani, iliyoanzishwa na Luis von Ahn, mzaliwa wa Guatemala, pamoja na Severin Hacker, ilifungua milango kwa umma mwaka 2012, na mwaka 2017 ikaongeza kozi ya Kiswahili kwa wanaojua Kiingereza. Von Ahn hajaficha mpango wake. Amesema hadharani kwamba anataka mbinu zile zile ambazo mitandao ya kijamii inazitumia kumnasa mtu zitumike kumnasa kwa faida yake. Nembo yao ni bundi wa kijani. Kwetu bundi akilia juu ya paa watu hushtuka, kwa hiyo anayetaka kuuza kitu kwa wenyeji wa huku afadhali achague ndege mwingine, lakini kwa soko lao amewafaa sana.

Kila siku unayofanya somo, hesabu ya siku mfululizo inapanda. Ukikosa siku moja inarudi sifuri, isipokuwa kama ulishajiwekea kinga. Nguvu ya hesabu hiyo ilielezwa na wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky mwaka 1979: uchungu wa kupoteza kitu ni mkali kuliko furaha ya kukipata. Mwenye siku tatu hana cha kulilia. Mwenye siku mia mbili atafungua simu hata akiwa kwenye foleni ya hospitali. Juu ya hesabu kuna ligi ya kila wiki, ya kupanda na kushuka daraja, na hapo linaingia lile la kufuata mkumbo: wenzako wanasonga, wewe je? Juu ya ligi kuna arifa. Mwaka 2020 watafiti wa kampuni hiyo walichapisha maelezo ya programu inayochagua ujumbe upi utumwe. Inayajaribu maneno mbalimbali, inaangalia yapi yamemrudisha mtu, na ujumbe uliotumwa karibuni inaupumzisha kwa muda, maana ukirudiwa sana unachuja. Ukikaa siku kadhaa bila kurudi, unaletewa ule unaojulikana kuliko yote: inaonekana vikumbusho hivi havikusaidii, basi tutaacha kukutumia kwa sasa. Ujumbe huo haukukaripii. Unakuaga, na wengi wetu ni wepesi wa kumkimbilia anayeondoka.

Siwezi kuzibeza mbinu hizi. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, alionyesha mwaka 1885 kwamba usahaulifu huanza kwa kasi mara tu baada ya kujifunza, halafu kasi hiyo ikapungua, na kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa yanashinda yaliyorundikwa siku moja. Anayekufanya urudi kila siku, hata kwa dakika kumi, anakutendea haki kuliko mwalimu wa saa nne za Jumamosi. Na mwanafunzi wa Kiswahili aliye kwenye kijiji cha Finland, asiye na Mswahili hata mmoja jirani, anahitaji kitu cha kumshika mkono.

Ila tazama mtu huyo analinda nini. Saa sita kasoro dakika kumi usiku, mwenye siku zake mia mbili anakumbuka kwamba hajafanya somo. Anafungua lipi? La salamu, alilolimaliza zamani, kwa kuwa ni jepesi na linailinda hesabu sawasawa na gumu. Dakika tatu, amepona, analala. Hesabu imeongezeka na Kiswahili kimebaki pale pale. Wapo wanaokuja darasani na mwaka mzima wa siku mfululizo, na ukiwauliza leo wametokea wapi, wanaganda. Ukiwaandikia swali lile lile kwenye skrini na majibu manne ya kuchagua, wanapata.

Majaribio ya mwaka 1973 yanatusaidia kuelewa. Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walikwenda kwenye shule ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford wakawachagua watoto waliokuwa wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja liliahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe iwapo litachora. La pili lilipewa cheti hicho kwa kushtukizwa, baada ya kuchora. La tatu halikupewa kitu. Wiki moja au mbili baadaye kalamu ziliwekwa tena mezani bila ahadi yoyote, na watoto walioahidiwa cheti wakachora kwa karibu nusu tu ya muda wa wenzao. Mchezo wao ulikuwa umegeuzwa ajira, mshahara ulipokatika nao wakaacha kazi. Edward Deci na Richard Ryan walikuja kujenga nadharia nzima juu ya matokeo ya aina hii: mtu hudumu kwenye jambo anapoona amelichagua mwenyewe, anapoona analiweza, na linapomuunganisha na watu. Hesabu ya siku inampa kidogo la kuona analiweza. La kumuunganisha na watu hailigusi, na lugha bila watu sijui ni nini.

Kwa hiyo swali ninalolipima nalo kila chambo cha kuhamasisha ni hili: kikizimwa, mwanafunzi ataendelea kuongea? Chambo cha aibu hakivuki kipimo hicho. Cha hofu ya kupoteza kinavuka kwa wachache, wale ambao tayari walikuwa na sababu nyingine. Ni hiyo sababu nyingine ambayo watangazaji wakubwa wanaijua vizuri kuliko walimu wengi.

Ushahidi uko karibu. Nenda Malindi au Watamu, pwani ya Kenya. Waitaliano walianza kufika huko kwa wingi tangu miaka ya 1960, wakati Luigi Broglio alipoanzisha kituo cha San Marco cha kurushia setilaiti kutoka baharini. Ya kwanza ilirushwa hapo mwaka 1967, na ile iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 ilipewa jina la Uhuru kwa heshima ya sikukuu ya Kenya. Nyuma ya mainjinia wakaja watalii, nyuma ya watalii hoteli na nyumba za kuishi. Leo dereva wa tuktuk, muuza vinyago na kijana wa mashua wanaongea Kiitaliano, na wengi wao hawajawahi kukikalia darasani.

Msikilize kijana wa mashua akiuza safari ya kwenda kuona samaki kwenye matumbawe. Anaanza na ciao, anamuuliza mgeni ametoka mji gani. Mgeni akisema Milano, kijana anataja timu zake mbili za mpira na kumuuliza yeye ni wa upande upi. Bei inatajwa, inashuka, inapanda tena kidogo. Kijana anakosea kitenzi, mgeni anacheka na kumsahihisha, kijana anakirudia palepale kwa sauti, sawasawa, na wote wawili wanafurahi. Kosa limeongeza urafiki na mauzo yamesogea. Hapo pana marudio ya kila siku, pana zawadi ya papo kwa papo, pana ushindani na wenzake wa ufukweni, kila kitu kinachotafutwa na watengenezaji wa programu, isipokuwa hapa kinatoka kwa binadamu.

Mtu atasema ni pesa tu. Pesa zimo, lakini hazitoshi kueleza. Muuza samaki wa soko la mjini naye anataka pesa na hajajifunza Kiitaliano. Kijana wa mashua amewaona waliomtangulia: huyu ana mashua yake mwenyewe, yule ana nyumba, mwingine anapigiwa simu kutoka Bologna kila Krismasi. Ana picha ya mtu anayetaka kuwa, na mtu huyo anaongea Kiitaliano.

Wataalamu walilifikia jambo hili hatua kwa hatua. Mwaka 1959 Robert Gardner na Wallace Lambert, wakiwachunguza wanafunzi wa Montreal waliokuwa wakijifunza Kifaransa, waliona kwamba kipaji peke yake hakielezi mafanikio. Hamu ya kuwakaribia wenye lugha nayo inahesabika. Baadaye, walipofika Ufilipino, waliona kwamba sababu za kazi na riziki nazo zina uzito mkubwa. Kisha Zoltán Dörnyei, Mhungaria aliyefundisha Nottingham na kufariki mwaka 2022, pamoja na wenzake, wakachambua majibu ya zaidi ya wanafunzi 13,000 wa Hungaria waliohojiwa kati ya mwaka 1993 na 2004. Mwaka 2005 akapendekeza tuziangalie nafsi mbili za mwanafunzi: ile anayoitamani yeye, na ile ambayo wengine wanasema awe. Nafsi ya kutamani ndiyo inayoonekana kwenda sambamba na juhudi ya kudumu. Ile ya wajibu inamfikisha mtu kwenye mtihani na mara nyingi inaishia hapo.

Mtangazaji mzuri anaijua nafsi ya kutamani kwa uzoefu. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 haikujitangaza kwa kueleza namna salio linavyosafiri kutoka laini hii hadi ile. Iliwaambia watu watume pesa nyumbani. Aliyelisikia hilo hakuwaza teknolojia. Alimwona mama yake kijijini akipokea, na akajiona yeye, mtoto asiyesahau kwao. Masomo ya namna ya kubonyeza yalikuja baadaye, na watu wakayavumilia kwa sababu walishajua wanakwenda wapi.

Sisi pia tuliwahi kuifanya kazi hii, kabla hata ya simu. Mwaka 1968, kwa msaada wa UNESCO, mikoa ya Kanda ya Ziwa nchini Tanzania ilianza kisomo chenye manufaa. Vitabu vya kujifunzia kusoma viliandikwa kufuata kazi za watu: mkulima wa pamba alisomea kitabu cha pamba, mvuvi cha uvuvi, wa migomba cha migomba. Neno la kwanza ambalo mvuvi wa Ukerewe aliliandika kwa mkono wake lilitoka kwenye mtumbwi wake. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilitangazwa redioni, lakini watangazaji hawakumwachia kila mtu redio yake. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza pamoja, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani. Watu wapatao milioni mbili walishiriki. Kwa kipindi hicho chote, idadi ya watu wazima wasiojua kusoma ilishuka kutoka karibu theluthi mbili mwaka 1967 hadi chini ya asilimia 40 katika upimaji wa mwaka 1975. Palikuwa na sheria ndogo za kulazimisha mahudhurio katika baadhi ya maeneo, na sizisifu. Lakini kulazimishwa hakuelezi bibi aliyeendelea kusoma barua za mwanawe miaka ishirini baada ya msimamizi kuondoka.

Sasa niseme la Kiswahili chenyewe, kwa sababu hapo ndipo moyo wangu ulipo. Tunajiandaa kukifundisha kwa mamilioni ya watu wapya. Umoja wa Afrika ulikifanya lugha ya kazi mwaka 2022. Mwaka huo huo, mwezi Julai, baraza la mawaziri la Uganda lilipitisha kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Afrika Kusini ilitangaza mwaka 2018 kukiruhusu kama somo la hiari. Haya yote ni maamuzi ya juu. Chini yake yuko mtoto wa Masaka au Mukono anayejiuliza, cha nini?

Uganda inafaa kuangaliwa kwa karibu, maana pale Kiswahili kina doa, na kila mtangazaji anajua kwamba bidhaa yenye doa haisafishwi kwa amri. Gavana William Gowers alipopendekeza mwaka 1927 kitumike shuleni na katika utawala, Kabaka Daudi Chwa, mfalme wa Buganda, alikipinga kwa maandishi mwaka 1929, akihofia Luganda na nafasi ya watu wake. Jeshi la mkoloni lilikitumia. Idi Amin akakitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa raia wengi wa kusini kikawa ndicho walichokisikia mwanajeshi anaposimamisha gari kizuizini. Kaskazini hali ilikuwa nafuu, kilikubalika zaidi. Lakini Kampala kiliwekwa jirani na bunduki kwa miaka mingi, na kitu kinachowekwa jirani na bunduki hunuka baruti hata bunduki ikiondolewa. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 ikakitaja lugha rasmi ya pili, na kwa miaka mingi iliyofuata mtaani hakuna aliyeona tofauti kubwa.

Kilichoanza kuleta tofauti hakikutoka wizarani. Ni Bongo Fleva kwenye baa na kwenye boda, ni nyimbo za injili kutoka Kenya na Tanzania makanisani, ni wafanyabiashara wa mipakani, Busia, Malaba na Mutukula, ni mwanafunzi wa Kampala aliye na marafiki Nairobi. Kiswahili kimeanza kukaa jirani na mapenzi, ibada na biashara. Sera ingekuwa na busara ingepita kwenye njia hiyo iliyokwisha kulimwa, badala ya kufungua nyingine kwa mitihani ya lazima.

Na kuna jambo dogo la saikolojia ya soko ambalo naliona kama limetengenezwa kwa ajili ya mwalimu wa Kiswahili Uganda. Mwaka 2006 Joseph Nunes na Xavier Drèze walichapisha jaribio lao kwenye sehemu ya kuoshea magari. Wateja 300 walipewa kadi: ukijaza mihuri, unaoshewa gari bure. Nusu walipewa kadi ya mihuri minane, tupu. Nusu walipewa ya mihuri kumi, miwili ikiwa imeshagongwa. Wote walibakiza minane. Waliopewa kadi tupu na kuimaliza walikuwa asilimia 19. Waliopewa iliyokwisha anza, asilimia 34. Mtu akiona safari imeshaanza, hapendi kuiacha njiani.

Basi mtoto wa Kiganda kadi yake imeshagongwa mihuri mingi kabla hajafungua kitabu. Anasema omuntu, omwana, omuti, ennyama, embuzi, embwa, okulima. Anahesabu bbiri, ssatu, nnya, ttaano. Anajua, bila kufundishwa na mtu, kwamba jina likiwa la wengi linabadilika mwanzoni na kwamba kivumishi na kitenzi hulifuata. Jambo hilo humchukua Mmarekani miezi. Mwanafunzi wa Kizulu naye ana umuntu, inyama, inyoka na amanzi. Mwarabu wa Muscat ana sita, saba, tisa, kitabu na habari. Hawa wote tunawapokea kana kwamba wanaanza sifuri. Tunawapa jedwali la ngeli ukurasa wa pili, tunawaambia lugha hii ina utaratibu mgumu wenye heshima yake, na tunashangaa wakikimbia. Ningekuwa na sauti katika kuandika kitabu cha darasa la kwanza Uganda, somo lote la kwanza lingekuwa kuwaonyesha wanachokijua tayari. Kwa watoto wa Acholi na Lango, ambao lugha zao ni za ukoo mwingine, mihuri hiyo ingetafutwa kwenye nyimbo na maneno ya sokoni wanayoyasikia kila siku.

Wapenzi wa Kiswahili tuna udhaifu wetu. Tunakiuza kama wajibu. Kila tarehe 7 Julai, siku ambayo UNESCO iliitenga mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, wasemaji wanapanda jukwaani kutuambia ni urithi, ni umoja, ni lugha ya ukombozi tangu TANU mwaka 1954, ni wasemaji zaidi ya milioni 200. Yote ni kweli na yananigusa. Lakini anayeguswa ni mimi, niliyezaliwa nacho. Mgeni akiambiwa ana wajibu wa Kiafrika wa kukijua, anapewa ile nafsi ya pili ya Dörnyei, ya kuamriwa na wengine. Hajaonyeshwa picha yake mwenyewe akiongea.

Picha hizo zipo na zinalipa hapo hapo. Mgeni anayemwamkia mzee shikamoo anapokea marahaba na uso uliochangamka. Hakuna nyota ya dhahabu inayoufikia uso ule. Mfanyabiashara wa Kampala anayempigia mwenye duka wa Kariakoo moja kwa moja, bila dalali katikati, anaiona faida siku hiyo hiyo. Muuguzi wa Kigali akimuuliza mgonjwa aliyetoka Bukavu anaumwa wapi, na mgonjwa akajibu bila mkalimani, amejiona kuwa muuguzi bora.

Kwa hiyo ninayaomba mabaraza ya Kiswahili, BAKITA la Tanzania na BAKIZA la Zanzibar, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na wote wanaoandaa sherehe hizo, Julai ijayo nusu ya muda wa hotuba wapewe wanafunzi. Apande mchuuzi wa Mutukula aliyejifunza ukubwani, apande mtawa wa Kikongo kutoka upande wa Kilingala, apande Mkorea anayeuza vipuri Kariakoo, waongee dakika tano kila mmoja kwa Kiswahili walicho nacho, na makosa yao, mbele ya kamera. Asiwepo wa kuwasahihisha kwenye kipaza sauti, na atakayecheka upatanisho wa kisarufi ukiteleza atolewe nje. Zikatwe video fupi, zisambazwe Kampala, Kigali, Bujumbura na Johannesburg, na chini yake iandikwe namba ya darasa la karibu na saa linapoanza.